Sanduku Lenye Upande Mfupi

11 Januari

Dada,

Shikamoo. Huku tunapumua. Wifi yako anakusalimu na kukukumbusha kwamba uliahidi kuja kumwona mtoto kabla hajaota meno. Ameshaota mawili na anatuuma wote bila ubaguzi. Baba hajambo? Ule mkono wa kulia umeanza kushika kitu, au bado? Mwambie nimeuliza.

Najua umeigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Naandika kwa sababu ninachotaka kukueleza kina michoro, na simu yako ile ya tochi haipokei michoro. Sababu ya pili unaijua: tukipigiana, salamu hazijaisha tumeshagombana. Kwenye karatasi angalau mtu humaliza sentensi yake.

Dada, naunda kompyuta. Sio ya kununua dukani. Naiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, na badala ya mafeni yanayonguruma kama mashine ya kusaga, itapozwa kwa maji. Unajua kazi yangu ni kuchora picha za majengo ambayo hayajajengwa, ili mwenye nyumba aione kabla ya msingi kuchimbwa. Kazi nyingi nazimalizia nyumbani, na mashine niliyo nayo huchemka mpaka inajizima katikati ya picha. Chumba chetu ndicho sebule, ndicho ofisi, ndicho anacholala mtoto. Nataka kitu kidogo, kimya, cha kukaa juu ya rafu.

Mpango wenyewe ni huu. Pampu ndogo inasukuma maji yapite juu ya prosesa, ambayo ndiyo inayochemka kuliko vyote, yapite kwenye kadi ya picha, yaende kwenye rejeta yapoe, kisha yarudi yalikotoka. Ni friji isiyo na gesi. Unaona sasa kwa nini nimekukumbuka? Mabomba ni ya shaba, membamba, na ndani ya kasha langu hata kiganja hakipiti. Nimejaribu kukunja mwenyewe na yote yamejifinya kwenye kona. Wewe una springi za kukunjia, na una mikono.

Kasha ni la bati zito, dogo. Nimelipata kwa muuza vitu vikuukuu. Nimelikata dirisha ubavuni niweke kioo, nikalipiga msasa na kulipaka rangi nyeusi, huwezi kujua lilikuwa nini. Mwezi wa sita kuna maonyesho ya mashine za kujiundia na nataka kulipeleka. Vipimo nimeviandika upande wa pili wa karatasi hii.

Nisaidie, dada. Mimi na wewe tumekulia chini ya meza moja ya kazi.

Mdogo wako,
Kitindamimba

2 Februari

Kitindamimba,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mtoto anauma. Huyo ni wa kwetu.

Baba yupo. Asubuhi namkalisha mlangoni pa karakana, anahesabu wateja na kuwasema wanaopitiliza kwenda kwa jirani. Mkono wa kulia bado umelala. Wa kushoto umejifunza kushika kikombe na kunyooshea watu kidole. Maneno yanatoka polepole, ila ya kunikosoa mimi hayachelewi. Nilimwambia umeuliza hali yake, akasema, "Aje aulize mwenyewe."

Barua yako nilimsomea. Akasema umeme na maji havilali kitanda kimoja, na kama umechoka kuishi useme. Nikacheka, kwa sababu nilikumbuka siku ulipotaka kutia balbu ndani ya mtungi ili maji yawake. Ulikuwa hujaanza shule. Mrefu, aliyekuwa bado msaidizi wa Baba karakanani, ndiye aliyekuwahi mkono, la sivyo leo nisingekuwa na wa kumwandikia.

Nimekukunjia mabomba yako. Yamo kwenye furushi, nimeyafunga kwenye blanketi la zamani. Blanketi usilitupe, ni lako. Kila bomba nimeliziba upande mmoja, nikalipuliza hewa na kulizamisha kwenye ndoo. Hakuna hata povu moja lililotoka. Na nimepima kwa tepu ya Baba, ileile. Ncha yake ilikatika zamani na inaanzia kwenye mbili, kwa hiyo kila kipimo nakiongezea mbili, kama tulivyofundishwa. Mgeni akiishika atakata kila kitu kifupi. Rafu ya jikoni imeinama kwa sababu hiyo, na mlango wa nyuma una kipande cha ubao kimepigiliwa chini mpaka leo. Lakini mimi siyo mgeni.

Hebu nitumie picha ya hilo kasha. Fundi hupenda kuona tumbo analolitia utumbo.

Dada yako

6 Machi

Dada,

Shikamoo tena. Mtoto alishikwa na kifua, sasa amepona na amerudi kwenye kazi yake ya kuuma. Wifi yako amelichukua blanketi. Amesema linanuka mafuta ya mashine, kisha akajifunika nalo.

Mabomba ni mazuri, sina neno. Nimeyang'arisha, unajiona uso wako. Shida ni kwamba hayakukaa. Upande wa kulia yameingia kama yalizaliwa mle. Upande wa kushoto yamezidi, nikayalazimisha kidogo kwa koleo, na nilipowasha pampu maji yakatoka kwenye kiungo yakaimwagikia bodi. Nashukuru nilikuwa sijaunganisha umeme mkubwa. Bodi nimeianika juani, nadhani itapona.

Sitaki kulaumu, lakini je, hukuongeza mbili mara mbili? Inatokea. Labda uazime tepu ya jirani.

Picha nitakutumia ikikamilika. Nataka uione ikiwa nzima, sio ikiwa uchi.

Wako,
Kitindamimba

19 Machi

Kitindamimba,

Salamu zako zimefika. Baba amekohoa wiki nzima na leo amenyamaza, sijui kipi ni nafuu.

Sikuongeza mara mbili. Nimekunja mabomba ya friji tangu ulipokuwa unakojoa kwenye ndoo ya kupimia, na hakuna aliyewahi kunirudishia bomba akaniambia ni refu. Uliandika pande zote mbili ziko sawa. Nimekunja za sawa. Kama limezidi kushoto, basi kushoto siko ulikosema. Unaweza kumdanganya dada yako, unaweza hata kuidanganya karatasi, lakini bomba likikataa limekataa.

Fanya hivi. Chukua karatasi ngumu ya boksi, kata kipande cha kila upande wa ndani, kiingie kikae bila kupinda. Toboa kila palipo na tundu, hata tundu ambalo hulitumii. Nitumie vipande hivyo. Vipimo vya kuandika sivitaki tena.

Na ukimtaja jirani mara ya pili, nenda kakunjiwe na jirani.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zilinibana. Tajiri mmoja ana hoteli ya ghorofa nane ambayo haipo, na kila wiki anabadilisha rangi ya madirisha yake.

Vipande vimo humu. Nakubali, upande wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, sentimita mbili hivi. Kasha lenyewe limeundwa ovyo na mtu asiyejua kazi, niliona aibu kukuambia nikaandika sawa. Nilidhani mabomba yatajinyoosha yenyewe. Matundu usiyahangaikie, mengi ni ya zamani na nimeyaziba.

Maonyesho yamekaribia. Harakisha tafadhali. Nimewaambia watu wa ofisini nitakuja na kitu ambacho hawajawahi kukiona. Tangu niajiriwe hapa naitwa "yule kijana wa kompyuta", nikitengeneza printa za wenzangu. Nataka nami, mara moja tu, watu wasimame mbele ya kitu changu.

Msalimu Baba.

Kitindamimba

14 Mei

Kitindamimba,

Sisi wazima. Baba anakula uji na anakataa dawa. Mvua imetoboa bati la stoo na nimepanda juu mwenyewe kuziba, kwa kuwa mwanamume wa nyumba hii yuko mbali anachora hoteli.

Sikukujibu upesi kwa sababu kila nilipoanza barua niliichana. Hii ikikufikia, ujue ndiyo iliyokuwa na adabu kuliko zote.

Vipande vyako nilivitandaza mezani karakana ikiwa tupu. Kulia matundu ya ribiti tano, zile pini za kubania bati. Kushoto ribiti nne, na ya nne imekwenda upande, kwa kuwa nafasi ilimwishia aliyekuwa anazipiga. Nyuma, matundu mawili ya mshipi wa kubebea, moja juu kidogo ya lenzake. Sikuhitaji picha. Nilifumba macho, nikavipapasa vile vipande, na vidole vikaniambia.

Hilo ni sanduku la Baba la zana. Mtu asiyejua kazi, unayemsema, ni Baba.

Hadithi yake unaijua, ila leo nakusimulia kama hujui. Alilikata kutoka kwenye ubavu wa friji la kwanza lililomshinda kutengeneza, ili asisahau. Alikuwa amefika upande wa kushoto wakati shangazi alipokuja mbio kumwambia Mama amejifungua mtoto wa kiume. Akaacha, akaenda kukuona, akarudi anacheka peke yake, akapima, na kwa furaha akasahau kuongeza mbili. Hakulirekebisha. Alikuwa akisema upande ule ni wako. Lakini sanduku lenyewe alisema, mbele yako na mbele yangu, litakuwa la yule atakayeshika kazi. Aliyeshika kazi ni mimi.

Asubuhi uliyosafiri kwenda kusoma, sanduku halikuonekana. Ufunguo wa karakana alikuwa nao Baba, na mwingine alikuwa nao Mrefu. Baba hakuuliza swali. Alimtoa Mrefu mpaka barabarani, akamwaga mfuko wake chini, wateja wanatazama, nami natazama. Ndani mlikuwa na shati, kitana na kitambaa alichokuwa ameninunulia mimi. Baba akamwambia asikanyage tena hapa. Kila alikokwenda kuomba kazi baada ya hapo, alikuta maneno ya Baba yameshatangulia.

Tulikuwa tuoane mwaka ule. Hilo nalo unalijua, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukitupelekea maneno, na yeye ndiye aliyekufundisha kushika chuma cha kulehemu. Hukuwahi kuandika hata mstari mmoja kusema, "Baba, sanduku ninalo mimi." Siku hizi Mrefu ananunua vyuma chakavu kwa mkokoteni. Watu wakimwona wanamtania, "Lile sanduku ulipata kilo ngapi?" Ana mke na watoto. Mimi nina karakana.

Sikuombi ulirudishe. Umeshalikata, umeshalipaka rangi, na kisu hakirudishi nyama. Nataka kitu kimoja tu: umwambie Baba kwa kinywa chako kwamba Mrefu hakuiba. Nikimwambia mimi atasema namtetea kwa sababu nilimpenda, na ndivyo alivyoniambia miaka yote hii. Wewe atakuamini. Kifanye haraka kinywa chako, kwa kuwa masikio ya Baba hayana muda mrefu.

Mabomba yamo. Nimeyakunja bila kutazama vipimo vyako. Yatakaa.

Dada yako

12 Juni

Dada mpenzi,

Shikamoo, na pole na bati la stoo. Mtoto amesimama. Alishika mguu wa meza, akatutazama wote kama mtu aliyepandishwa cheo, kisha akaanguka.

Mabomba yamekaa. Yamekaa, dada, hata sikuyagusa kwa koleo. Niliwasha pampu usiku kucha nikiwa nimetandika magazeti chini, na asubuhi magazeti yalikuwa makavu. Sasa nachora ghorofa nane na chumba kiko kimya mpaka wifi yako anauliza kama imezimika. Ukiweka mkono juu ya kasha unasikia baridi. Ningependa uweke mkono wako pale siku moja.

Kuhusu hayo mengine, nimekusoma. Ni mambo ya zamani. Asubuhi ile kulikuwa na mizigo mingi na watu wengi, na mimi sikumbuki sawasawa nani alibeba nini. Bati ni bati. Yapo mengi duniani yenye ribiti nne. Na hata tuseme ni hivyo unavyosema, tutapata nini? Baba ni mgonjwa. Daktari alisema asishtuliwe. Mrefu ameshapata maisha yake, nawe mwenyewe umesema ana mke na watoto. Tukifukua, tutamfukua nani?

Na kama tunataja ya zamani, tuyataje yote. Ule upande ni mfupi kwa ajili ya nani? Wewe ulipewa karakana, meza, tepu, wateja, na Baba mwenyewe kila siku. Mimi nilipewa nauli.

Nikija nyumbani tutakaa tuzungumze kama watu wazima. Usikasirike.

Kitindamimba

25 Juni

Kitindamimba,

Mtoto akisimama mwekee mito.

Ulisema mtu humaliza sentensi yake kwenye karatasi. Nimeisoma yako mpaka mwisho na sentensi niliyoingoja haimo.

Baba ameanguka tena, safari hii kiharusi kimechukua mguu. Amerudi kutoka hospitali mwembamba, na maneno yamepungua mpaka nayahesabu kwa vidole. Akili anayo. Jumapili baada ya chakula cha mchana nitakaa karibu naye na simu mkononi. Piga. Nitaiweka sikioni mwake nitoke nje, wala sitasikiliza. Sema maneno mawili tu: "Hakuiba Mrefu." Hayo hayamshtui mtu. Yaliyomshtua ni yale ya kwanza, kwamba Mrefu kaiba.

Dada

19 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimesikitika sana kuhusu mguu wa Baba. Ile Jumapili mtandao ulikuwa mbaya, nilijaribu, na Jumapili iliyofuata tulikuwa na wageni. Nitapiga.

Nikupe habari njema ili upumue. Mashine imekuwa ya kwanza kwenye kundi la ndogo. Watu walipanga mstari kuichungulia. Mzee mmoja mwenye miwani aliinama akatazama kona za mabomba kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hizi kazikunja nani?" Mkurugenzi wangu alinishika bega mbele ya wote. Sasa wananiita kwa jina langu.

Wifi yako atakutumia picha, maana hachoki kuizungumzia. Furahi pamoja nami, dada. Mafanikio ya mmoja ni ya nyumba nzima.

Kitindamimba

30 Agosti

Kwako mdogo wangu,

Sisi wazima kwa kadiri inavyowezekana. Mtoto nimemwona pichani, ana paji la uso la Mama. Mwambie wifi nimemshukuru kwa picha na kwa mistari yake mizuri. Yeye hana kosa. Ameandika kwamba anajivunia familia aliyoolewa, na sikuwa na moyo wa kumjibu.

Simu haikulia, Jumapili ile wala zilizofuata. Niliacha kukaa nayo mkononi.

Picha imetoka vizuri. Kioo umekikata sawa, na shaba inang'aa humo ndani kama ulivyosema. Mbele ya mashine kuna kadi ndogo yenye maandishi. Niliisoma kwa lenzi ya Baba, ile ya kusomea namba za kompresa. Umeandika: "Kasha: urithi kutoka kwa baba yangu." Chini yake umeandika: "Mabomba: fundi wa mtaani."

Kwa hiyo unakumbuka. Kwangu ulilipata kwa muuza vitu vikuukuu, kisha ukasahau nani alibeba nini. Kwa wageni wenye miwani ukakumbuka kila kitu. Nimekaa na kadi hiyo siku nyingi, nimekuwa nikiunguza chakula.

Mwisho nikasema yaishe. Nikampelekea Baba picha pale mlangoni. Aliishika kwa mkono wa kushoto akaisogeza mpaka puani. Sikumwambia ni nini. Alikwenda moja kwa moja kwenye upande mfupi, akauwekea kidole juu ya ile rangi yako nyeusi.

"Siku aliyozaliwa," akasema.

Nikamwambia, "Baba, alilichukua yeye. Mrefu hakuiba."

Akanitazama. Nusu ya mdomo wake ilikuwa inacheka, ile nusu inayoweza. Sijamwona akicheka hivyo tangu Mama yuko hai. Akasema, "Mtoto akichukua cha baba yake si wizi." Aliyasema yote, neno kwa neno, yeye ambaye akitaka maji ananyoosha kidole.

Nikauliza, "Na Mrefu?"

Akaigeuza picha kwenye mwanga. "Amekata vizuri," akasema. Alikuwa anakisema kioo chako.

Nikauliza tena. Akafumba macho, na sikujua amechoka au amemaliza. Jioni aliniagiza kwa kidole niipigilie ile picha juu ya meza ya kazi. Nimeipigilia. Kila nikiinama kukunja bomba, ninyi wawili, wewe na sanduku lako, mko juu ya kichwa changu.

Kwa hiyo hukuwa na haja ya kuogopa, mdogo wangu. Ungepiga simu wakati wowote katika miaka yote hiyo, angekucheka tu na kukusamehe kabla hujamaliza. Ndicho kinachonichoma. Nilidhani unaficha kosa litakalokugharimu. Kumbe halikuwa na gharama yoyote kwako, na bado hukulitamka.

Nilikwenda kwa Mrefu. Nilimkuta anachambua vyuma, shaba huku, bati kule, amevaa glavu zisizo na vidole. Nilikuwa sijazungumza naye ana kwa ana tangu siku ile ya barabarani. Tukikutana kila mmoja hutazama dukani kwa watu. Nikamwambia sanduku limepatikana na nani alikuwa nalo. Alisikiliza amekishika kipande cha bomba. Hakuuliza kuhusu wewe. Aliuliza, "Mzee amesemaje?"

Nikamwambia, "Anakuomba radhi."

Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kutoa kipimo cha uongo. Mrefu akatikisa kichwa. "Hayo si maneno ya mzee," akasema. "Ni yako. Lakini asante." Nikamwambia karakana sasa naishika mimi, milango iko wazi, arudi tufanye kazi. Akasema mikono imeshasahau. Mkewe akamwita ndani, chakula kinapoa. Aliniuliza kama nitakula nao, kwa adabu, kama mtu anavyomkaribisha mteja. Nilikataa nikarudi nyumbani kwa miguu, nikalia mchana kweupe bila kujali nani ananiona.

Nimenunua tepu mpya. Inaanzia mwanzo, kama tepu za watu wengine. Siku ya kwanza niliharibu kazi yote, kwa sababu mkono bado unaongeza mbili. Utazoea. Ile ya zamani nimemwekea Baba mapajani, anaivuta na kuiachia.

Mwisho, mambo ya kazi. Maji ya mashine hiyo uyabadilishe kila mwaka, la sivyo yatafanya utando ndani ya mabomba na hutaona kitu kwa nje. Viungo vikaguliwe, hasa vya kushoto. Utahitaji mtu wa kukukunjia mengine siku ukibadilisha prosesa, nawe huko uliko mitaa ni mingi. Tafuta mtu huko. Mimi barua za vipimo sitazifungua tena.

Baba akifariki nitakupigia simu. Hiyo nitaipiga.

Fundi wa mtaani